Kanzu Nyeupe, Baibui Jeusi: Maswali Yenu Kuhusu Jua Kali na Kivuli Kizito

Barua nyingi za safari hii zimetoka pwani, na karibu zote zina kilio kimoja: jicho linaiona bahari inayometa na linauona uso wa mtu aliyekaa barazani, ila kamera inachagua kimoja na kukiacha kingine. Kabla ya majibu, tukubaliane maneno mawili. Stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu. Toni mapingi ni kazi ya kuuchukua mwanga wote wa mandhari, kuanzia weupe wa jua mpaka weusi wa uvunguni, na kuubana uenee kwenye kioo au karatasi ambayo haina nafasi hiyo. Humu tutaiita kubana toni.

Ndugu mafundi, ninapiga picha vyumba vya nyumba za wageni za Mji Mkongwe. Mteja anataka mlango wa nakshi, kitanda na ua wa nje vyote vionekane katika picha moja. Nikipima ndani, ua unaungua. Nikipima nje, chumba kinakuwa shimo. Nina Canon ya zamani kidogo na stendi. Nianzie wapi? — Msomaji, Dunda, Bagamoyo

Anza kwa kupima, kompyuta itangoja. Weka kamera kwenye M (hali ya kuchagua kila kitu kwa mkono), ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), apacha f/8 (upana wa tundu la lenzi). Elekeza kipimo kwenye ua ulio juani: mchana wa jua kali utapata shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya sekunde 1/400 au 1/500. Kisha elekeza kwenye kona ya chumba, tuseme upate nusu sekunde. Kutoka 1/500 hadi 1/2 ni stopu 8, na hapo umelinganisha wastani kwa wastani tu. Ukuta wa chokaa huko nje umepita wastani kwa stopu mbili na zaidi, na mbao nyeusi za mlango upande wa kivulini ziko chini ya wastani wa chumba kwa stopu mbili tatu. Jumla inafika 12 au 13. Sensa (kipokea mwanga) ya kamera ya umri huo hunasa kama stopu 11 kwa ISO 100, nazo za mwishoni upande wa giza zimejaa chengachenga, yaani vidoa vidoa visivyokuwepo kwenye mandhari. Karatasi ya picha haibebi zaidi ya 6 au 7.

Kwa hiyo una matatizo mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kunasa, na dawa yake ni kupiga fremu kadhaa za kuunganishwa, ndiyo HDR, yaani picha yenye upana mkubwa wa mwanga. La pili ni kubana, na hilo ndilo la toni mapingi. Fremu ikiwa imeungua, hakuna programu itakayokurudishia ua ambao haukunaswa.

Fremu zako ziwe tano: 1/500, 1/125, 1/30, 1/8 na 1/2. Badilisha shata peke yake. Ukibadilisha apacha, kina cha fokasi kinabadilika kutoka fremu hadi fremu na kingo za nakshi hazitalala juu ya nyingine. Mizani ya rangi ifunge kwenye alama ya jua, maana ikiachwa ijichagulie, fremu ya ndani itakuja na rangi yake na ya nje na yake. Fokasi ipate kwanza, kisha hamisha swichi ya lenzi kwenye MF (fokasi ya mkono). Zima kitulizi cha lenzi, kwa sababu lenzi za zamani zikiwa juu ya stendi hujitikisa zenyewe zikitafuta mtikisiko usiokuwepo. Tumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Kamera nyingi husogea theluthi ya stopu kwa kila mzunguko mdogo wa gurudumu, basi stopu mbili ni mizunguko sita, na ni hapo watu hugusa stendi bila kujua. Ukimaliza, kagua histogramu, ile grafu ya mwanga yenye giza kushoto na weupe kulia. Fremu yenye giza kuliko zote isiguse ukuta wa kulia, na yenye mwanga kuliko zote iwe imebanduka kutoka ukuta wa kushoto.

Kwenye kompyuta una njia mbili. Ya kwanza ni kuziunganisha fremu ziwe faili moja lenye mwanga wote, kisha kulibana. Programu ya Luminance HDR inafanya hivyo bure, na ndani yake utakuta kanuni nyingi zenye majina ya watafiti. Ya Reinhard na wenzake, ya mwaka 2002, ndiyo nyepesi kuielewa: chukua kiwango cha mwanga, kigawanye kwa moja jumlisha kiwango chenyewe. Mwanga wa 1 unakuwa 0.5, wa 9 unakuwa 0.9, wa 99 unakuwa 0.99. Unaona ujanja wake: giza karibu haliguswi, weupe unabanwa sana, na hakuna kitu kinachofika 1 na kuungua. Unaona pia kasoro yake: weupe halisi haupatikani, kuta za chokaa hugeuka kijivu. Ndiyo sababu kanuni hiyo ina kipimo cha pili cha kutaja mwanga gani uhesabiwe kuwa mweupe kamili. Kipimo cha wastani huanza na 0.18, ule ule wastani wa asilimia 18 unaotumiwa na vipimo vya kamera. Kwa ua uliojaa chokaa na jua jaribu 0.36, kwa magharibi shuka 0.09.

Njia ya pili ni kuchanganya fremu moja kwa moja, kila sehemu ichukuliwe kutoka fremu iliyoipata vizuri zaidi. Programu ya Enfuse, inayokuja pamoja na Hugin ya kuunga picha, ndiyo kazi yake. Kwa picha za vyumba sisi tungeanza na hii, kwa kuwa haina vidhibiti vingi vya kukupoteza.

Njia yoyote utakayoishika, ndani pabaki na giza kuliko nje. Chumba kikilingana mwanga na ua, macho hayakubali, na mlango utaonekana kama kalenda iliyobandikwa ukutani. Acha tofauti ya kama stopu mbili.

Shikamooni. Napiga harusi. Bwana harusi kanzu nyeupe na joho jeusi, ndugu zake mabaibui, jua la saa nane mchana. Mwenzangu ananiambia kila pozi nipige fremu tatu za HDR, lakini watu hawatulii. Nifanyeje? — Mpigapicha wa harusi, Magomeni, Bagamoyo

Marahaba. Usipige tatu. Piga moja, ila iwe faili ghafi, yaani lile lenye mwisho wa CR2, NEF, ARW au DNG, isiwe JPEG.

Hesabu iko hivi. Kitambaa cheupe na kitambaa cheusi vikiwa kwenye mwanga mmoja vinatofautiana kwa stopu 4 hadi 5 tu. Kivuli cha wazi, tuseme chini ya mwembe, kiko chini ya jua kwa kama stopu 3. Jumla ni 8. Sensa yako inazimudu zote kwa pigo moja, na wala huna haja ya kumwambia shangazi wa bibi harusi asimame kama mnazi. Kinachowaangusha wengi ni kipimo. Kamera hudhani kila inachokiona ni kijivu cha asilimia 18. Ikijaa kanzu, inapunguza mwanga na nyuso zinazama gizani. Ikijaa mabaibui, inaongeza na kanzu inaungua.

Kwa hiyo pima kwa doa, yaani kamera ipime sehemu ndogo tu, doa likae juu ya kanzu iliyo juani, halafu ongeza stopu 2. Kitambaa cheupe kinarudisha kama asilimia 90 ya mwanga, na kutoka 18 hadi 90 ni stopu 2.3. Ukiongeza 2 umeacha nafasi ndogo ya kusalimika, na darizi ya shingoni itasomeka. Washa onyo la kumetameta kwa sehemu zilizoungua. Likimetameta kwenye kanzu, punguza theluthi moja. Kwenye kioo cha kamera picha itaonekana nzito upande wa vivuli, usibabaike.

Nyumbani, pandisha vivuli stopu 1.5, ukizidi sana 2. Baibui ni jeusi, liache liwe jeusi. Kinachotakiwa ni mikunjo yake ionekane, lisije likageuka kijivu cha jivu la mkaa. Zaidi ya hapo chengachenga zinatoka, na sababu yake haina siri: sehemu iliyo stopu 4 chini ilipokea sehemu moja ya 16 ya mwanga, na ubora wa ishara yake dhidi ya chengachenga, kwa kadiri unavyotegemea mwanga wenyewe, unabaki robo.

Tunaongeza neno kuhusu nyuso, ingawa hukuuliza. Uzuri wa ngozi nyeusi katika picha uko kwenye mng'ao wake: paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua. Kidhibiti chochote cha kuongeza makali ya sehemu ndogo ndogo kinakwenda kuusawazisha mng'ao huo na kuvichimba vitundu vya ngozi, mpaka bibi harusi anaonekana kama katoka safari ya vumbi. Ficha nyuso kwa maski kabla ya kugusa kidhibiti hicho. Toni za uso zipandishwe kwa mkunjo mpana wa toni (ule mstari wa kupandisha na kushusha mwanga), basi.

Na kama una fleshi: 1/200, f/11, ISO 100, fleshi chini ya mwanga wa jua kwa stopu moja. Hapo unaupunguza upana wa mwanga kwenye mandhari yenyewe, na kompyuta inabaki na kazi ndogo. Kama huna fleshi, wasogeze kwenye kivuli cha ukuta, wakabili ukuta mweupe ulio juani. Ukuta huo ni taa, tena haulipiwi.

Nikiipitisha picha ya mashua za ufukwe wa samaki kwenye Snapseed, kichujio cha HDR Scape, unatokea ukungu mweupe kuzunguka mlingoti na tanga. Simu yangu ina hitilafu? — Kijana wa Kaole

Simu haina neno. Umesukuma kidhibiti hadi 100.

Kanuni za kubana toni ziko za aina mbili. Za jumla huipa kila nukta yenye mwanga fulani jibu moja, popote ilipo. Za mahali hutazama majirani: mlingoti mweusi una majirani weupe, yaani anga, kwa hiyo programu inakadiria "mwanga wa eneo" kwa kuitia picha ukungu, halafu inaubana ukungu huo na kuyarudisha makali juu yake. Shida iko penye ukingo mkali. Ukungu wa anga unamwagikia mlingoti, na giza la mlingoti linamwagikia anga. Programu ikiona eneo la anga karibu na mlingoti lina giza kidogo, inalipandisha. Huo ndio ukanda mweupe uliouona. Minazi dhidi ya mawingu huathirika hivyo hivyo. Watafiti Durand na Dorsey walipendekeza mwaka 2002 kutumia kichujio kinachotia ukungu bila kuvuka kingo kali, na vichujio vya aina hiyo hupunguza tatizo hili. Kupunguza, siyo kuondoa.

Cha kufanya: shusha hadi 25 au 30. Kama bado mashua ni nyeusi, usikiongeze kichujio hicho. Tumia brashi ya kuongeza mwanga, upake ubavu wa mashua peke yake, mbali na ukingo. Kama ukanda umebaki angani tu, maski ya anga itautibu.

Kuna na suala la saa. Ufukwe wa Bagamoyo unaangalia mashariki. Asubuhi jua liko baharini, nyuma ya mashua, na unapigana na upana wa mwanga usiokuwa na huruma. Saa kumi alasiri jua liko mgongoni kwako, linazipiga mashua ubavuni, na picha nzima inaingia katika fremu moja bila kichujio. Ukitaka asubuhi kwa lazima, ikubali mashua iwe kivuli cheusi. Tanga la pembe tatu lililo jeusi dhidi ya anga ya chungwa halihitaji kuonyesha mishono yake.

Jua likichomoza, katikati ni jeupe na linazungukwa na pete ya waridi isiyokuwepo angani. Kwa nini? — Msomaji, Bagamoyo

Sensa ina nukta nyekundu, kijani na bluu. Kijani hujaa kwanza. Kisha programu, ili kupata mizani ya rangi, inazizidisha nyekundu na bluu, ambazo bado zilikuwa na nafasi. Kijani kimekwama darini, wenzake wamekipita, na nyekundu ikichanganyika na bluu ni waridi. Punguza ekspoja (mwanga unaonaswa) stopu 1 au 2 wakati wa kupiga. Kama picha imeshapigwa, washa kidhibiti cha kujenga upya sehemu zilizoungua: programu za RawTherapee na darktable zote zinacho. Usitegemee histogramu ya kamera peke yake, maana hiyo huhesabiwa kutoka kwenye JPEG, na ile ya jumla huficha rangi moja iliyojaa. Chagua ile inayoonyesha rangi tatu mbalimbali. Kanga nyekundu juani nayo huungua kwa mtindo huo huo, maua yake yakageuka bapa.

Nikichukua JPEG moja, nikatengeneza nakala ya giza, ya kawaida na ya mwanga, halafu nikaziunganisha, nimepata HDR? — Kisutu

Hapana. Umechukua maji ya ndoo moja ukayagawa katika vikombe vitatu, kisha ukayarudisha. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Ukizivuta, anga inapata michirizi ya ngazi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384, lakini hata hilo halihitaji nakala tatu: libane lenyewe kwa mkunjo mmoja.

HDR ya kwenye televisheni ndiyo hii? — Nianjema

Zinakwenda njia tofauti. Televisheni ya HDR imekipanua kioo ili kitoe mwanga mwingi zaidi. Kubana toni ni kwa ajili ya kioo au karatasi isiyoweza hivyo.

Tunakwenda mapango ya Amboni na kikundi cha wapigapicha. Tunataka mdomo wa pango na kuta za ndani katika picha moja. Tupige fremu ngapi? — Chumbageni, Tanga

Kwa f/8 na ISO 100, anzeni 1/500 kwa ajili ya majani ya nje yaliyo juani, kisha 1/125, 1/30, 1/8, 1/2, sekunde 2, 8 na 30. Ni fremu nane, stopu 14 kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Si kila mdomo wa pango utazihitaji zote. Mkifika fremu ambayo histogramu imebanduka kushoto, simameni hapo. AEB (kamera kujipigia yenyewe fremu za mwanga tofauti) ya kamera nyingi haifiki huko, kwa hiyo ni kazi ya mkono kwenye M.

Mambo matatu yatawasumbua. Tochi za wenzenu zitaacha mistari katika fremu ndefu, hivyo mmoja anapopiga wengine wazime. Majani ya mdomoni yatatikisika na kuacha mizimu, yaani tawi moja likionekana mara tatu; chagueni fremu moja fupi iwe ndiyo ya kumbukumbu kwa eneo hilo, programu izipuuze nyingine. Na kipunguza chengachenga cha fremu ndefu kikiwa kimewashwa, kamera hupiga fremu ya pili ya giza yenye urefu ule ule, sekunde 30 zinakuwa dakika nzima. Msiizime kamera mkidhani imeganda.

La nne ni baya kuliko hayo, kwa sababu halitibiki baadaye. Katika fremu ya sekunde 30 mdomo wa pango unamwaga mwanga ndani ya lenzi, ukigongana na vioo vyake na kulifunika giza lote kwa utando wa kijivu. Kamera itarekodi utando huo kama ndio rangi ya ukuta, na kubana toni kutauleta juu zaidi. Kwa hiyo simameni mahali ambapo mwamba unaukata mdomo nusu. Ondoeni kichujio cha UV. Futeni lenzi, kwani chumvi ya upepo wa bahari mliyoibeba kutoka Raskazone, au alama moja ya kidole, inakula stopu za giza kuliko tofauti yoyote kati ya kamera ya bei na ya kawaida.

Picha zangu kwenye simu zina mwanga mzuri, vivuli vinaonekana. Nikichapa sentimita 30 kwa 45 zinatoka nzito na zimefifia. Mchapaji anasema mashine yake ni nzima. — Mpigapicha, Bagamoyo

Huenda anasema kweli. Unahariri nje juani, mwanga wa kioo umepandishwa mpaka mwisho, na kioo kinachojimulika chenyewe kina nafasi ya stopu 10 au zaidi. Karatasi inategemea mwanga wa chumba na ina 6 au 7. Ulichokiona kivulini kwenye simu kimeangukia sehemu ambayo wino wote ni mweusi.

Hariri ndani, weka karatasi nyeupe kando ya kioo, ushushe mwanga wa kioo mpaka weupe wake ulingane na wa karatasi. Utashtuka jinsi picha yako ilivyo nzito. Hiyo ndiyo sura aliyoiona mchapaji. Sasa pandisha toni za kati, si vivuli peke yake. Vivuli vikipandishwa peke yao vinasogea karibu na toni za kati, tofauti inakufa, na ndiko kufifia unakokulalamikia. Baada ya kupandisha, rudisha weusi kidogo, picha iwe na sehemu ndogo iliyo nyeusi kabisa.

Karatasi isiyong'aa ina weusi dhaifu kuliko inayong'aa, kwa hiyo picha ya baibui au ya mlango wa nakshi ipeleke kwenye inayong'aa. Faili liwe la sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida), pikseli 3600 kwa 5400 zikitosha nukta 300 kwa inchi. Kabla ya kulipia kubwa, chapa kipande cha sentimita 10 kwa 15 cha sehemu yenye giza zaidi, ukitazame dirishani, si chini ya taa ya duka.